Sieni Faleafa, Aliyemtafutia Lupe Mwalimu

Mama yetu mpendwa, Sieni Faleafa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 kijijini Leone, kisiwani Tutuila, Samoa ya Marekani, akiwa binti wa pili wa Shemasi Tavita na mkewe Malia. Alisoma hapo hapo Leone hadi 1969. Walimu walimkumbuka kwa kuuliza maswali hata baada ya kengele.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha samaki, Pago Pago, akasafisha jodari hadi alipostaafu mwaka 2009. Mwaka 1974 alifunga ndoa na marehemu Baba Ioane, dereva wa basi. Mungu aliwajalia mabinti wawili: mimi Fetu, ninayesoma wasifu huu, na dada yangu Mele, aliyefariki mwaka 2014 akamwacha Lupe, mtoto wa miaka mitatu, kiziwi tangu kuzaliwa.

Marehemu alimlea Lupe. Wawili hao walijitungia alama zao za mikono. Alama ya mchungaji wetu ilikuwa kupangusa jasho shingoni, na ibadani tulizoea kuwaona wakicheka bila sauti. Mchungaji, utusamehe.

Lupe alipoanza shule ya serikali, aliketishwa nyuma ya darasa na kupewa kalamu za rangi. Kisheria alistahili mwalimu wa lugha ya alama. Mwalimu hakuwepo. Marehemu akawa haishi kwenda ofisini.

"Mama, nenda tu nyumbani, tutakupigia," mwalimu mkuu wa wakati ule alimwambia.

"Hata mwaka jana mlisema hivyo. Mbona simu yangu haijalia?"

"Kazi tumeitangaza. Hakuna anayetaka kuja huku mbali."

"Basi nangoja hapa kibarazani. Nimekuja na ndizi zangu."

Miaka ikapita hivyo. "Huyu mtoto anakua, Fetu," aliniambia. "Nikiondoka mimi, nani atamwelewa?"

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa, akawa anasafishwa damu hospitalini. Februari 2023 madaktari walitaka apelekwe Honolulu kwa matibabu. Wiki hiyo hiyo palikuwa na kikao cha shule kuhusu mwalimu wa Lupe, kilichokwisha kuahirishwa mara mbili.

"Nenda, mama. Kikaoni nitakwenda mimi," nilimsihi.

"Wewe mpole mno. Watakupa chai, urudi unawashukuru."

Akabaki. Aliingia kikaoni miguu imevimba, na hakuinuka mpaka walipomtajia mwalimu kwa jina. Aprili, Mwalimu Sulia aliwasili, ila kwa Jumanne tu ya kila wiki, kwani anahudumia shule za visiwa vyote.

Marehemu alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023. Nyumbani hakuna aliyejua alama ya kifo. Lupe aliona mikeka ikitandikwa na watu wakilia, akatuuliza kwa mikono bibi yuko wapi, kisha akampakulia chakula chake. Niliweza kumkumbatia tu. Mwalimu Sulia alikuwa kwenye visiwa vya mbali vya Manu'a, na ndege haikuruka hadi Jumanne. Yeye ndiye aliyemweleza. Lupe aliuliza jambo moja: kama bibi aliumia.

Marehemu ameacha dada yake Fa'asega, mimi na mume wangu Petelo, na wajukuu watatu. Lupe, mwenye miaka kumi na miwili, sasa hivi anayafuata maneno haya mikononi mwa Mwalimu Sulia. Mkataba wa mwalimu unaisha Juni. Kikao kijacho nitakwenda mimi, na ninaogopa, lakini nitakwenda.

Mungu ampumzishe mama yetu, na amani yake ikae naye.