Mlango wa Chumba cha Nili

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu mpya, uliyekuja kuzindua ujenzi wa ghala la wino wa makopo: karibu sana. Utuwie radhi kwa kukuketisha juani. Kivuli kiko upande wa chumba cha nili, na huko, kama unavyosikia, buldoza la kukibomoa limeshawashwa.

TULIKOTOKA

Kiwanda hiki kilianza na pipa moja la udongo, lililochimbiwa sakafuni mwa chumba hicho. Majani ya nili huchachuka humo, hukorogwa, povu hupanda, na povu likikauka ndiyo bluu yenyewe. Wachoraji huisaga na gundi. Sisi wapiga chapa huichanganya na mafuta. Anayeliengua povu hilo ni mwenzetu tunayemwita Bi Povu, na akikasirika jina humkaa vizuri zaidi.

MAFANIKIO

Wachoraji bado wanapanga foleni kwa bluu yake. Tena, chumba hicho kimelea mtoto. Mdogo wake Bi Povu alipofariki aliacha kichanga, na Bi Povu akakilaza kando ya pipa kwa kuwa hapo pana joto. Mtoto akakua, akasoma, akafika mbali. Itifaki haituruhusu kumtaja, ila leo amevaa suti na ameketi mbele yetu juani.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, roho zetu ziko juu. Bi Povu amejifungia humo tangu alfajiri, na ufunguo anao yeye. Tulipombembeleza alijibu kwa ndani, "Mwanangu amenitumia karani aniambie nihame. Aje mwenyewe, nitatoka."

Dereva tulimwambia kuna mtu ndani. Akasema, "Kila ninapobomoa naambiwa kuna mtu ndani. Mimi nimeagizwa nianze makofi yakipigwa." Ndiyo maana msomaji wetu anasoma polepole.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi: pampu, taa za karakana, barakoa. Tumeyafuta. Hata pipa hatuliombei. Tukipata kona yenye joto, maji yake yaliyochachuka yataanzisha jingine. Tunaomba uinuke, ukagonge mlango ule, umwite kama ulivyokuwa ukimwita zamani. Sisi ametukatalia.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, wewe na aliyekulea.

Risala imekwisha. Tafadhalini, mtu asipige makofi.

Ni sisi, wachanganya rangi na wapiga chapa wako.