Mkono wa Mzee Mathieu

Benchi letu ni ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Adeline, hapa Shari. Kila mmoja ana mahali pake. Surjet, fundi cherehani, hukaa upande wa kivuli. Antene, ambaye redio haimtoki sikioni, hukaa katikati ili asikie pande zote. Kilo, yaani Paluku muuza maharagwe aliyetoka Butembo, hukaa mwisho kabisa, na akisimama ghafla ubao unalalia upande wa pili na kahawa inatumwagikia. Ilikuwa miaka ile bunduki zimenyamaza lakini watu bado wanalala na viatu karibu na mlango. Asubuhi hiyo tulikuwa na hasira wote, na haki tulikuwa nayo, kwa sababu picha ilikuwa imerudi.

Picha hiyo aliipiga Vital, mpiga picha wetu wa hapa Shari, kwa kamera yake ya zamani ya filimu, siku watu wa Kilima na watu wa Kijito walipopatana. Walikuwa wamegombania malisho na mashamba hadi makaburi yakawa mengi kuliko ng'ombe. Siku hiyo mzee Olivier wa Kilima na mzee Mathieu wa Kijito walisimama mbele yetu sote wapeane mikono. Mikono ikishikana, kila mtu arudi shambani kwake. Ndiyo yalikuwa mapatano. Filimu ikapanda lori la Aru kwenda kusafishwa, na sasa picha tunayo: kushoto mzee Olivier amenyoosha mkono, mkono unaingia gizani, na kulia ni weusi mtupu kama tako la sufuria. Mzee Mathieu hayumo.

Vital alikuwa ameifungua kamera juu ya kitambaa mapajani, parafujo zake zote ndani ya kisosi cha kahawa.

– Ni rido, alisema, akituonyesha pazia dogo ndani ya kamera. Mu aparei muko rido mbili za kitambaa. Ukifinya, moya inafunguka, ingine inafwata kufunga. Siku ile ilikwama katikati.

– Siye tunaongea amani, weye unaongea rido, Surjet alisema.

– Naongea rido sababu ni weye njo uliikwamisha. Ulitia mafuta ya mashini ya kushona. Ulisema tone moya, aparei ikimbie. Ikashika mavumbi yote ya barabara.

– Mafuta yangu imeshona koti za mapadri. Umeona padri gani amekwama?

– Padri hana rido.

– Na tena wazee walisema haraka haraka haina baraka. Rido yako ilisikia wazee, njo maana ilikataa kukimbia. Usinitupie mimi.

Antene alishusha redio yake.

– Munapigana bure. Muangalie hii foto muzuri. Nani amebakia? Muzee wa Kilima. Na antene mupya ya simu, waliisimamisha wapi? Ku kilima. Ile chuma inavuta. Ilivuta mwangaza yote upande yake, wa Kijito wakabakia na giza.

– Antene inavutaka mwangaza? Vital aliuliza.

– Inavuta sauti toka Kinshasa, itashindwa mwangaza ya hapa?

Mama Adeline alitujazia vikombe. Kilo alikuwa akiikodolea macho ile kamera kama mteja anayetafuta wadudu kwenye gunia.

– Vital, ile aparei uliitosha wapi, nani alikupa?

– Kwa padri muzee, aliniachia mbele ya kurudia kwao.

– Muliona? Imeikala miaka mingapi na padri, inasikia watu wanaungama. Imezoea kweli. Sasa unailetea muntu anatoa mukono na roho haiko safi, utazani itanyamaza? Ilijifunga. Ni sawa vile wazee wanasemaka, mwenye kuficha uchi hazale.

– Hiyo inaingia wapi? Surjet aliuliza.

– Inaingia fasi yote.

– Na kwanza, unasema muzee Mathieu hana roho safi? Bibi yangu, mama ya watoto yangu, ni wa Kijito, Kilo. Unakunywa kahawa na mimi, unatukana ndugu zake, bashemeki yangu.

– Sikumutukana mimi. Ni aparei.

– Basi aparei ilihongwa, Antene alisema. Vital, mama yako si wa Kilima?

– Na bibi yangu ni wa Kijito.

– Njo vile. Nusu nusu, sawa na foto.

Hapo Vital aliweka bisibisi chini. Ni mtu mpole, lakini sasa alipandisha sauti.

– Juzi vijana wa Kijito walifika ku mulango yangu. Waliniuliza nani alinituma nizime muzee wao. Jana wa Kilima wakakuja kunishukuru. Kunishukuru, munasikia? Wanataka niongeze ile foto, nitoshe kumi, wabandike ku kuta. Nikitosha, nakufa kule. Nikikatala, nakufa huku. Na nyiye munaniongelea antene.

Kilo alisimama kwa uchungu, ubao ukalala, na kahawa ya Antene ikaishia kwenye suruali yake. Mzee Mathieu mwenyewe, kila aliyemwendea kumuuliza amepewa jibu moja tu: wamempaka masizi, basi wakaulize masizi. Na mzee Olivier anasema yeye mkono wake unaonekana, hadaiwi neno. Wazee wazima, kila mmoja amekalia heshima yake kama kuku juu ya mayai mabovu.

– Mbona musiwaite tena? Mama Adeline alisema. Wapeane mikono, Vital apige ingine, biishe.

Tulimgeukia wote kama aliyetukana kanisani.

– Mama Adeline, amani hairudiliwake, Surjet alisema. Ukirudilia, unasema ya kwanza ilikuwa bongo, ya kudanganya.

– Sawa vile ubatizo, Antene alisema, akikamua suruali.

Vital alikuwa amesharudia kazi yake. Alichovya kipande cha pamba katika esansi ya pikipiki, akakifunga kwenye njiti ya kiberiti, akawa anapangusa kidogo kidogo ukingoni mwa ile rido. Pamba ilitoka nyekundu, udongo wetu na mafuta ya Surjet vimeoana. Surjet aliitazama, kisha akatazama barabara.

Ndipo Léonie akatokea nyuma ya kibanda. Anaishi huko kwa dada yake tangu siku aliyokimbia shamba lake, na shamba lake liko upande wa Kijito. Alikuwa amebeba jembe, na mbegu za mahindi amezifunga kwenye kitambaa kiunoni.

– Jambo, wapapa.

– Jambo, Mama Léonie.

– Mvua imeshanyesha. Wenzangu wa mabonde wameshapanda. Niende ku shamba ao niikale hapa?

– Ngoja kwanza, mama, Kilo alisema. Hii foto iko na magumu. Kuko mambo ya rido, na...

– Sikuuliza foto. Ile siku siye wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba na vyungu. Hatukuona kitu. Nyiye njo mulikuwa mbele. Mikono ilishikana ao haikushikana?

Surjet alivuta tepe ya kupimia shingoni mwake. Akaikunja.

– Mimi nilikuwa naangalia aparei, alisema. Vital alisema macho yote hapa.

– Na mimi vile vile, Antene alisema. Nilikuwa nafichaficha redio mu mufuko, isionekane.

– Mu foto muntu haangaliake pembeni, mama, Kilo alisema. Utatoka vibaya.

Léonie alinigeukia mimi. Mimi nilikuwa nimeinamia kikombe, nikakuta hakina kitu.

– Na weye, Vital? Weye mwenye kupiga?

Vital hakuinua uso.

– Ukifinya, mama, kioo ya ndani inapanda. Mu kadirisha unaona giza tu. Watu wote pale, mimi njo sikuona kabisa.

Léonie alitutazama mmoja mmoja. Nilitamani apige kelele. Hakupiga.

– Tulichinja, alisema. Walituambia nyama ni ya mashahidi, wapapa wenye watasema waliona. Tulipika toka asubui na moshi mu macho, na sahani zilirudi nyeupe, mulimaliza yote. Sasa munieleze. Ile nyama tulipikia nani?

Mama Adeline alikuwa ameshika termosi, lakini hakuiinamisha. Vital alikaza parafujo ya mwisho, akavuta, akafinya. Rido ilifunguka na kujifunga vizuri kabisa, bila kusita hata kidogo. Hakuna aliyemsifu.

Léonie hakungoja jibu. Alirudi njia aliyokuja nayo, na nyuma ya kibanda tukasikia jembe likilazwa chini.