Jicho Bovu la Inspekta Gumbley

Bi Mavis alikuwa anatoka kanisani mjini Oldham, kitabu cha sala mapajani, lakini masikio yake yalikuwa kwa wazee wawili waliokaa kiti cha mbele ndani ya basi.

"Ni jicho la kushoto, Wilf!" alifoka mwenye kofia. "Inspekta Gumbley amelifunika kwa kitambaa tangu katuni yake ilipoanza kutoka gazetini."

"Huyo ni wa mchoraji wa kwanza, Clifford. Alipokufa, wa pili akakihamishia kitambaa kulia. Mpelelezi gani hajui jicho lake bovu ni lipi?"

"Usimtukane! Leo nakwenda kuchorwa tatuu yake begani, na haifutiki."

"Kwa bega lililokunjamana hivyo? Atafanana na bibi yake!"

Bi Mavis alimwomba Mungu msamaha kwa kucheka, kisha akacheka tena.

Basi liliposimama, Clifford akashuka mkono begani, bado hajaamua ni jicho lipi. Wilf akampigia kelele dirishani, "Mfunike yote mawili, yaishe!"

"Sasa atapelelezaje, mjinga wewe?"

"Kwani alipokuwa na moja alimkamata nani?"