Maganda Yaliyolowa Kahawa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matairi mawili, mbele ya kibanda cha fundi viatu, na aliyelikalia mara tatu huhesabiwa mwenyeji. Fundi viatu ndiye Spika wa hapo: nyundo yake ikigonga, watu hunyamaza, angalau kwa muda wa kumeza funda moja. Kando yake hukaa Salio, wakala wa kutuma na kupokea pesa, asiyetoka mbali na kioski chake kama kuku mwenye mayai. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini huwagombeza wote kana kwamba amewalea, na maji yake huyachota kwenye kisima cha nyuma ya ukuta. Mwisho wa benchi, mahali pake pa siku zote, hukaa mtia rangi nguo. Walimpa jina la Upinde, maana kama upinde wa mvua, mikono yake haijawahi kuonekana na rangi moja.

Siku hiyo Upinde alikuwa ameshika kikombe kilichojaa, na roho yake haikutulia. Shimo lake la maji machafu lilikuwa limejaa tangu mvua zianze, naye badala ya kulitapisha alikuwa akiyamwaga maji ya mapipa yake mferejini, ule mfereji unaopita ubavuni mwa kisima. Kesho nitalishughulikia, alijiambia kila siku, na kesho zikazaa kesho. Tangu hapo hakumeza hata tone la kahawa. Wenzake wakigeuza shingo, alikuwa akikimimina kikombe chini ya benchi, taratibu, juu ya maganda ya karanga. Aibu alikuwa nayo tele. Alichokosa ni ujasiri wa kusema. Mkewe alikwishafariki, nyumba ilikuwa kimya, benchi lile ndilo lilikuwa sebule yake. Wakimfukuza, aende wapi?

— Hoja iliyo mbele yetu, alisema Spika na kugonga nyundo, ni maganda. Binti wa Upinde, msomi wa chuo kikuu, yuko likizo. Badala ya kulala kama wasomi wengine, kila jioni anakuja na mfuko kuokota maganda ya karanga chini ya makalio yetu. Kwa nini?

— Anafuga mbuzi, alisema Shangazi.

— Mbuzi wa chuo kikuu anakula maganda? Huyo anakula vitabu! Mimi nawaambia ni mafuta ya ndege, alisema Salio. Wanayakamua, wanajaza tangi. Hamjaona ndege ikipita hapa juu, mtu unasikia hamu ya karanga?

— Hapana bwana, alisema Spika. Wanachunguza meno. Kila ganda lina alama ya meno ya mtu. Serikali inataka kujua nani ana meno mangapi, halafu ije kodi ya meno. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu.

— Hiyo methali inaingiaje hapo?

— Itaingia tu. Subiri. Haya, wewe baba mtu unasemaje?

— Mimi? alisema Upinde akitazama ndani ya kikombe. Watoto wa siku hizi hawasemi kitu.

Kumbe binti mwenyewe alikuwa anavuka barabara, mfuko begani, vichupa vinagongana ndani yake. Aliwaamkia wote kwa heshima, kisha akamgeukia wakala.

— Mjomba Salio, naomba taa yako ile ya kukagulia noti bandia.

— Ya nini tena, mwanangu? Umeletewa noti?

— Nataka kukagua maji.

Waliingia wote kibandani kwa Spika, kwenye giza la viatu, wakabanana kama soksi. Binti akatoa kichupa cha maji meupe, akakimulika kwa taa ile ya zambarau. Maji yakawaka buluu.

— Mama yangu! Shangazi akarudi nyuma hadi kwenye rundo la mabuti. Sumu hiyo! Zima!

— Si sumu, Shangazi. Hayo ni maganda yenu. Nimeyachoma, nikayapika na maji kwenye chombo kilichofungwa kabisa, nikachuja. Zimebaki chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Zikimulikwa na taa hii zinawaka.

— Kwa hiyo mimi tumboni mwangu naweza kuwaka? aliuliza Salio, maana siku hiyo alikuwa amekula karanga nyingi kuliko wote.

— Hapana, Mjomba. Sasa tazama. Nikitia maji safi, zinaendelea kuwaka. Nikitia maji yenye rangi ya viwandani, hata kidogo sana isiyoonekana kwa macho, mwanga unafifia. Wengi wanadhani taa ikiwaka ndiyo hatari. Hii ikizimika ndiyo hatari.

— Kama mke wangu, alisema Spika. Akigomba niko salama. Akinyamaza, natafuta pa kulala.

Wakatia maji ya mvua kutoka pipa la Spika. Kichupa kikawaka vilevile, watu wakapiga makofi. Spika, kwa ujuaji wake, akachukua kichupa kingine na kutia kahawa. Kikazimika papo hapo.

— Nilijua! Shangazi anatia kahawa rangi!

— Nitakutia rangi wewe! Shangazi akanyanyua mwiko.

— Kahawa ina weusi wake, unaufunika mwanga, alisema binti haraka. Kahawa haipimiki hivyo, Mjomba. Tupime maji yake.

Shangazi, kwa hasira ya mtu aliyesingiziwa, akaleta maji ya kisimani kwenye kikombe. Yalikuwa meupe pe, unaweza kusoma herufi chini yake. Binti akatia kidogo kichupani, akamulika. Ile buluu ikapungua, ikapungua, ikabaki kama jicho la mgonjwa.

Walirudi benchini bila kusukumana. Upinde alikuwa wa mwisho kukaa, na mikono aliitia mifukoni.

— Kuna rangi kisimani, alisema Salio. Swali ni ya nani. Mimi nawajua. Ni watu wa benki. Noti zikichakaa wanazifua, zile rangi wanamwaga usiku.

— Noti gani? Ni wazee waendao kwa kinyozi, alisema Shangazi. Mzee akitaka mke wa pili anapaka nywele nyeusi, halafu mke wa kwanza akijua, anamwosha kichwa kisimani.

— Inawezekana kabisa! alisema Upinde kwa sauti iliyowashtua wote. Wazee hao ni wengi!

— Mmepotea wote, Spika akagonga nyundo. Hapa ametumbukia kinyonga. Kinyonga akifa majini, rangi zote alizopata kujigeuza zinamtoka kwa mkupuo. Nyekundu, kijani, mistari, zote. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje?

— Itaingia.

— Kinyonga! Upinde akadaka kama mtu anayezama aliyeona kamba. Mimi mwenyewe nilimwona juzi pale ukingoni. Mkubwa! Hivi!

Alitoa mikono kuonyesha ukubwa wa kinyonga. Ilikuwa ya zambarau mpaka viwikoni. Akairudisha mifukoni upesi, na kwa mapenzi ya Mungu wote walikuwa wanabishana kinyonga wa ukubwa ule anakula nini.

Binti yake hakubishana. Alikuwa amechutama chini ya benchi na mfuko wake, akiokota.

— Kitu kimoja tu mnisaidie, wazee wangu, alisema kutoka huko chini. Maganda ya upande wa Mjomba Spika makavu. Ya Mjomba Salio makavu. Kwa nini ya upande wa Baba kila siku yamelowa kahawa?

Spika aliinua nyundo, akairudisha taratibu. Salio alitazama kikombe cha Upinde, kilichojaa hadi ukingoni. Shangazi alitazama cha kwake, alichokwisha kukimaliza.

— Kinyonga ni mimi, alisema Upinde.

Akawaeleza yote, shimo, mvua, mapipa, mfereji. Alieleza akiwa anaitazama ardhi. Binti yake alisimama na kichupa mkononi, machozi yanamlengalenga, maana mapipa yale ndiyo yaliyomsomesha.

— Sisi tunakunywa, alisema Shangazi, na wewe unatutazama.

— Niliona haya, Shangazi.

— Haya zako ukayapa maganda, sisi ukatupa rangi!

— Nitazameni ulimi, alisema Salio, ameutoa wote nje. Una rangi gani?

— Ya ulimi, alisema Spika.

— Tazama vizuri!

Wote wakamgeukia Spika wakingoja methali.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alisema kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyeuliza inaingiaje.

Shangazi akalipindua birika. Kahawa iliyobaki ikasambaa chini ya benchi lote, maganda yakalowa mwanzo hadi mwisho.

— Kahawa imekwisha. Kisima kipumzike mpaka kichupa kiwake. Wewe leo utatapisha shimo lako. Kesho maji utayaleta wewe, kutoka bomba la kilimani, na kila ndoo itamulikwa. Na kikombe cha kwanza utakunywa wewe mbele yetu, mpaka masimbi, yale machicha ya chini.

Alimtupia ndoo. Upinde akaidaka, akainuka. Binti yake akamfuata.

— Nitakushikia koleo, Baba, alisema, bado hajamtazama.

Upinde alipiga hatua chache, akasimama. Alikuwa amelisikia neno kesho, na hakuwa na hakika kama alilisikia vizuri.

— Kesho nirudi saa ngapi?

— Saa zile zile, alisema Shangazi, akimsogeza Salio ili ule mwisho wa ubao ubaki wazi. Kwani wewe una benchi lingine?