Nikuonye au Nikuache?

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni mtoto wa kaka wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Angalia Tena.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba iliyopakana na kituo cha zimamoto, akiwa mtoto wa tatu, na kwa maneno ya babu, wa pekee aliyeshindana na king'ora kwa kelele. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya barabara kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana hadi 1969, na huko bwenini ndiko alikojifunza drafti, kwa ubao wa boksi na vizibo vya soda, akawa anawafunga wenzake kama hana akili nzuri.

Januari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama msahihishaji, kazi ya kuwinda makosa kabla mitambo haijawashwa, na kazi hiyo ikamfuata hadi kwenye drafti ya saa ya chakula, kwani mpinzani akisogeza kete vibaya yeye alishindwa kujizuia, akamwambia, "Angalia tena." Wapo walioshukuru, wapo waliong'aka kwamba anawadharau, ndipo akaanzisha utaratibu wake ambao sisi hatujauona kwingine, kwamba kabla mchezo haujaanza alimuuliza mwenzake, "Nikuonye au nikuache?", na jibu lolote alilopewa aliliheshimu.

Katika fainali ya kiwanda, Desemba 1975, alikutana na dereva wa idara ya usambazaji, kijana mwenye maringo yake, ambaye hata hakungoja kuulizwa, akasema, "Mimi sionywi na mtu," na katikati ya mchezo akaacha upenyo wa kuliwa kete tatu kwa mpigo, shangazi akauona, ukumbi mzima ukauona isipokuwa mwenyewe dereva, naye shangazi akaumauma midomo, akanyamaza kama alivyoombwa, akazila zote tatu na kombe akalibeba. Jumatatu yake dereva alirudi, shingo upande, akisema safari hii aonywe tu, na maonyo hayo yalichukua muda kidogo, maana walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1977. Walijaliwa binti, ambaye ni mhandisi wa maji, na mtoto wa kiume, fundi umeme, na wote wawili wanakiri kwamba mama yao aliwaonya sana lakini hakuwaachia ushindi hata siku za kuzaliwa kwao.

Shangazi alistaafu mwaka 2006. Februari mwaka huu alianza kupungua mwili, na vipimo vikaonyesha saratani iliyokwisha kusambaa, na hapo familia tuligawanyika, watoto wakitaka afichwe ili asivunjike moyo, wengine tukiwaunga mkono, hadi mumewe akasema, "Jamani, mmemsahau mnayemzungumzia? Muulizeni mwenyewe." Binti yake akaketi kitandani, akamuuliza kama angependa kujua yote, naye akajibu kuwa anataka, tena mapema, wakati bado ana la kufanya.

Alifanya mengi, akawasuluhisha wadogo zake wawili waliokuwa hawasemezani, akamfundisha mumewe kupika, na mwishowe akadai aione historia hii, akaipitishia kalamu nyekundu, akafuta neno "malaika" na kuandika pembeni, "Nani huyu?", akafuta pia "hakuwahi kushindwa". Nafasi ya tarehe ya mwisho hakuigusa. Binti yake ameijaza kwa mkono wake: Jumanne iliyopita, tarehe 22, saa tisa alasiri, nyumbani, sote tukiwepo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, majirani waliopika na kulala nasi, na wenzake wa kiwandani, hata wale ambao bado wanadai mchezo wa marudiano.

Shangazi, tulikupenda, na ulijua siku yako inakaribia ukiwa bado nasi ukicheka. Pumzika kwa amani.