Shamba la Chini Livuke Upande

Kaeni wanangu, na wewe Mervyn uache kusimama kama mgeni asiyejua atalala wapi, vuta kiti ukae karibu na kichwa changu, kwa sababu sauti yangu haifiki mbali tena na neno nililo nalo sitalirudia. Hilary, huyu mdogo wako akitaka kutoka kabla sijamaliza, mzuie. Ninayoyasema leo nayasema nikiwa na akili zangu timamu. Daktari amethibitisha, na mchungaji naye amethibitisha, ingawa uso wake haukupenda.

Nyumba hii na mashamba ya juu ni yako Mervyn, pamoja na ng'ombe na trekta. Vyombo vya bibi yenu na akiba ya benki ni vya Hilary. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi ni Shamba la Chini, ekari kumi na nne zilizo kati ya mitaa yetu sisi Waprotestanti na mitaa yao Wakatoliki, ambalo klabu yao ya michezo ya Kigaeli, michezo ya jadi ya nchi hii, imeliomba ijenge viwanja viwili, vyumba vya kubadilishia nguo na taa, maana uwanja walio nao hujaa maji kila mvua ikinyesha, na hapa petu ni lini hainyeshi? Watoto wao hucheza mpira na magongo tope likiwa magotini. Halmashauri imekubali, na kibali kinaisha Ijumaa. Hati ya shamba ina majina mawili, langu na lako, Mervyn. Mimi nimekwisha kutia sahihi. Bila yako, yangu ni wino tu.

Najua ulivyoapa kule ukumbini mbele ya wenzako, "Labda nife mimi kwanza," na wanaume wakagonga meza kwa furaha. Na desturi yetu naijua kuliko wewe: katika mji wetu wa Derrymoyle ardhi haivuki upande, Mprotestanti hamwuzii Mkatoliki. Baba yenu alilinunua shamba hilo mnadani, na siku ile Waprotestanti wenzetu wote walinyamaza kama waliokatwa ndimi ili asipandishiwe bei, huku dalali akijifanya haoni mkono wa mzee mmoja wa Kikatoliki ulioinuliwa mbele ya pua yake. Mimi nilicheka. Nilikuwa bibi arusi wa mwaka mmoja, nikaona tumeshinda.

Tangu habari ya uwanja ianze nimetukanwa na watu niliowaokea mikate walipofiwa. Lester wa bucha aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Bi Isobel, na kaburi la mumeo utawauzia lini, au hilo utawapa bure?" Nikamwambia, "Nipimie soseji zangu, Lester. Kaburi limebaki na nafasi ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi." Watu wakacheka, lakini soseji zile sikuzila. Kisha wakaandika "msaliti" kwa rangi kwenye mlango wa ghala, nawe Mervyn ukalipita neno hilo siku tatu bila kulifuta. Hilo liliniuma kuliko rangi yenyewe.

Sababu yako naijua. Unasema, "Malachy Devenney hatakanyaga pale alipofia baba." Mwenyekiti wa klabu ni yeye, na umekua ukiamini, kama upande wetu wote ulivyoamini, kwamba ndiye aliyewaonyesha wauaji njia. Hilary, nipe maji. Kidogo tu. Asante.

Mficha maradhi kifo humuumbua, nami changu kimeshakaa kitandani. Sikilizeni. Ilikuwa Machi, wewe Mervyn una miaka minne, jua bado halijazama, na baba yenu anatengeneza lango la Shamba la Chini. Alikuwa askari wa akiba, na siku hizo za vita hilo lilitosha mtu kuuawa na wapiganaji wa Kikatoliki. Ng'ambo ya ua wa miiba vijana wa klabu walikuwa mazoezini. Nilisikia risasi nne, kisha pikipiki ikiondoka. Nilipofika wachezaji walikuwa wametawanyika, na nani angewalaumu, isipokuwa mmoja aliyeuruka ule ua, fundi lipu wa miaka ishirini na minne, amepiga magoti kifua wazi, jezi yake ameikandamiza kwenye shingo ya baba yenu, anamwambia, "Tulia kaka, nimekushika, usifumbe macho." Baba yenu alikuwa ameushika mkono wake. Nikapiga magoti upande wa pili nikamwita, Wilbert, Wilbert, hakugeuka. Alikufa akimtazama yule mtu, na mimi mkewe nimeshika koti.

Hilo ndilo sikulisamehe. Waliomuua sikuwajua, lakini mkono ule niliuona. Wanajeshi walipokuja walimkuta Malachy amejaa damu, wakamlaza kifudifudi, na mkubwa wao akaniuliza, "Mama, huyu alikuwa anafanya nini hapa?" Sentensi moja ya kweli ingemwinua pale chini. Nikasema, "Sikuona." Akaniuliza tena, nikasema vilevile. Malachy alinitazama, shavu lake likiwa topeni.

Walimzuia siku saba wakamwachia bila shtaka, lakini mji ulikuwa umekwisha kumhukumu. Kazi aliikosa, kwa kuwa mwajiri wake alikuwa wa upande wetu, akaenda Uingereza miaka kumi na moja, na mama yake akazikwa yeye hayupo. Aliporudi tulikutana kwenye duka la dawa. Nilidhani atanitemea mate. Akainamisha kichwa, akasema, "Bi Gilfillan, mvua ya mwaka huu itatumaliza," akanishikia mlango nipite. Basi. Hajamwambia mtu mpaka leo kwamba niliona, na kila mwaka aliokaa kimya mimi nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa bora kuliko mimi. Nawe mwanangu nilikulea na chuki niliyoipika mwenyewe, nikakulisha pamoja na viazi, kwa kuogopa siku utakayolia na kuniuliza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na haya ndiyo machozi yangu.

Ngojeni nipumzike.

Nizikeni na Wilbert, bila bendera juu ya jeneza. Zaburi moja inatosha, mchungaji asirefushe. Hilary, chai iwe ya kutosha, na wa upande ule wakija msiwaache wamesimama ukutani kama wadeni. Uwanja ukijengwa usiitwe kwa jina la baba yenu, na langu lisikaribie kabisa. Ile njia ya miguu iliyo kwenye ramani ya viwanja, inayokatiza shambani, iwe wazi kwa watu wote, hata watoto wako Mervyn wapite wakienda shule, wakitaka kushika gongo au wasitake.

Sikulazimishi kutia sahihi. Mzazi anayekufa anaweza kumtisha mwanawe kwa laana, na mimi nimekwisha kukudhulumu vya kutosha. Usipotia, radhi yangu unayo, wewe na dada yako. Bwana awabariki na kuwalinda, Bwana awaangazie uso wake, awape... awape ule usingizi ambao mimi sikuupata.

Lakini jambo moja naliamuru. Malachy yuko nje. Nilimwambia Hilary ampigie simu, akaja tangu asubuhi, amekaa ndani ya gari kule langoni, amesema haingii nyumba ya Mervyn mpaka Mervyn amkaribishe. Nataka kumwambia kwamba niliona. Nataka nimwambie wewe ukisikia. Pumzi iliyobaki ni yake, wanangu... nisameheni, si yenu.

Umesimama. Vizuri.

Hapana, Mervyn... kalamu iache. Iache hapo kwanza, baba. Teremka... kamfungulie mlango.