Benigna Mbawala na Milima ya Matogoro, 1952–2004

Padri, ndugu na majirani, mimi ni Walburga, mdogo wake marehemu. Kazi ya kusoma haya alinikabidhi yeye mwenyewe, akaniambia nisipunguze kitu.

Marehemu Benigna Mbawala alizaliwa hapa Maposeni tarehe 17 Februari 1952, mtoto wa tatu wa mzee Tadei Mbawala na mama Rosemary. Shule ya msingi alisoma hapa hapa, akamaliza mwaka 1966. Bruda mmoja wa misheni ndiye aliyemfundisha kupiga picha na kusafisha filamu.

Mwaka 1974 alianza kazi ya studio mjini Songea. Harusi ndizo zilizomlisha, lakini macho yake yalikuwa milimani. Kwenye harusi moja ya Matogoro aliwageuzia maharusi mgongo, akawa anaupiga picha ukungu uliokuwa ukipanda msituni. Bwana harusi akamwita, "Dada, sisi tuko huku." Akajibu bila kugeuka, "Nawaona. Nyie hamwendi popote, ila huu ukungu unaondoka." Picha ya maharusi nayo ilitoka vizuri.

Alifunga ndoa na Osmund Gama tarehe 7 Oktoba 1978. Walijaliwa watoto wawili, Noela na Joachim, wakajenga nyumba Matogoro kwa mikono yao. Osmund alifariki Mei 1995 kwa malaria. Arobaini haijafika, kaka yake, Bwana Fulgence Gama, ambaye ameketi nasi hapa leo, alibadilisha kufuli. Alisema mali ni ya ukoo. Marehemu na wanawe walitoka na magodoro na sanduku la filamu. Mwaka uliofuata nyumba ile ilibomolewa, na hapo hapo Fulgence akajenga jumba lake la bati jekundu, linaloonekana kutoka mbali.

Marehemu alipanga chumba Mfaranyaki. Kompyuta zilipofika mjini alijifunza kwenye duka moja la stesheneri, akiwa na miaka arobaini na saba. Aliziingiza humo picha zake za milima na kuzifanyia kazi upya: kivuli cha bonde akakikoleza, anga iliyofifia akairudishia bluu yake ya baada ya mvua. Alisema kompyuta ni chumba cha giza cha kusafishia filamu, ila chenye taa. Na katika kila picha ya Matogoro aliifuta nyumba ya Fulgence. Mahali pake alirudisha miti, na vivuli vyake vikalala upande uleule wa miti mingine. Hata mimi ninayepajua nilitafuta alama ya mkono wake nisiione.

Picha hizo zilitundikwa maofisini na kwenye nyumba za wageni. Fulgence akaenda studio.

"Shemeji, nyumba yangu iko wapi hapa?"

Marehemu hakuacha kukata karatasi. "Na yangu iko wapi, shemeji?"

Saratani ya titi iligunduliwa Machi 2003. Fulgence alikuja hospitalini na machungwa, akaomba nyumba irudishwe pichani kwa kuwa watu wanamcheka. Marehemu akamwambia, "Rudisha kwanza ya watoto." Fulgence akaondoka. Padri alipomuuliza kama amemsamehe, alijibu, "Nimesamehe, Padri. Picha zibaki zilivyo." Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Juni 2004.

Fulgence alitaka azikwe Matogoro, kwa jina la ukoo. Marehemu alishalikataa hilo akiwa na akili zake timamu, ndiyo maana leo tuko Maposeni, kwa wazazi wake.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi. Bwana Fulgence aliomba atajwe miongoni mwa wafiwa; nimekwisha kumtaja panapomstahili. Noela amefungua shauri la kiwanja mahakamani, na mazishi haya hayalimalizi.

Dada yetu apumzike kwa amani. Sisi wengine bado.